Aliyeniuliza Mimi Ni Nani, Njia ya Kibumba

Kama unataka kunicheka, nicheke sasa umalize, kisha unisikilize. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, muchana, na sikuwa nimekunywa kitu. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatutawala.

Nilikuwa fundi wa kushona kwenye baraza ya magazini, duka la vitambaa la Muhindi mmoja hapa Goma, tulimuita Papa Jivan. Mwaka ule baba yangu alikufa, na tangu tumuzike kichwa changu hakikutulia. Nakata suruali, nawaza. Nakula, nawaza. Papa Jivan aliona ninavyoharibu vitambaa, akaniambia kwamba kwao kuna njia ya kutuliza moyo.

"Usifukuze mawazo," alisema. "Uliza tu, nani anawaza? Ukijibu ni mimi, uliza tena, huyu mimi ni nani? Usitafute maneno. Kaa pale pale unaposikia kwamba uko."

Yeye alikaa hivyo kila alfajiri tangu ujana wake. Inaonekana rahisi, sivyo? Niamini, hakuna kazi iliyonichosha kama ile. Magazini ikifungwa saa sita, nilikaa nyuma juu ya mabunda ya vitambaa, nikafumba macho. Mimi ni nani? Miguu inakufa ganzi. Wamama wanapita kutoka Kituku, kule ziwani, wakitangaza samaki, nami tayari nawaza samaki. Mimi ni mutu mwenye njaa, nilijijibu, nikainuka na hasira. Kesho yake hivyo hivyo. Nyumbani, mutaa wa Majengo, bibi niliyemuoa, mama wa mutoto wetu Esperansi, alichoka nami.

"Mutu muzima unajiuliza wewe ni nani? Niulize mimi, nitakuambia."

Siku moja nilipeleka makoti kwa mutu wa Kibumba, kule juu nje ya muji. Wakati wa kurudi, baiskeli ilitoboka mupira, nikawa naisukuma. Ukungu ukashuka, mzito, hata gurudumu la mbele silioni vizuri. Kando ya njia, juu ya mawe meusi ya volkano, alikuwa ameketi mwanaume, amenipa mugongo. Nikamusalimia.

"Jambo, muzee."

"Ni nani?" akauliza, bila kugeuka.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Nilitaja jina langu. Akasema, "Hilo ni langu." Na jina likanitoka. Unanielewa? Sikulisahau kama mutu anavyosahau. Nilifungua mudomo kulirudia, na pale lilipokuwa hapakuwa na kitu. Nikasema mimi ni mutoto wa fulani. "Huyo ni baba yangu," akajibu, na sura ya baba ikafutika, pamoja na uchungu wote niliokuwa nao juu yake. Nikasema ni fundi, mikono yangu ikaning'inia kama ya mutu mwingine. Nikataja bibi, mutoto, ubatizo wangu. Kila nilichosema alikichukua.

Kisha akageuka. Uso ulikuwa wangu.

"Umebaki na nini?"

Nilitafuta, sikupata kitu cha kumupa. Lakini nilikuwa pale, hilo nililijua.

"Niko," nikasema.

Alinyoosha mukono kama anayetaka kulichukua na hilo, akaurudisha. Hakuweza. Na mimi nikasimama katika utulivu ambao sina namna ya kukueleza, bila huzuni, bila hofu, bila hata mutu ndani yangu wa kuogopa.

Halafu honi ya lori. Ukungu ulifunguka, juu ya mawe hapakuwa na mutu. Dereva alinijua, akaniita kwa jina, nami nikageuka kuangalia anaita nani. Alinipakia na baiskeli yangu, akanifikisha Majengo. Mutoto wangu Esperansi akaja mbio, "Papa!" Nikamuuliza, "Unamutafuta nani?"

Alilia hadi akalala. Mimi nilianza kurudiwa na majina alfajiri, kidogo kidogo, la mutoto likiwa la mwisho.

Nilipomusimulia Papa Jivan, hakufurahi. "Maisha yangu yote nakaa," alisema, "sijafika pale hata mara moja. Wewe umefika ukisukuma baiskeli." Alifunga magazini kabla ya saa, hakuniaga.

Nami nilimuonea wivu kwa upande wangu, kwani yeye hakujua alichokikosa. Nilirudi njia ya Kibumba mara nyingi, nikangoja katika ukungu. Walipita wauza viazi tu. Nikikaa na kusema "niko", ni neno tu, kavu. Kichwa kinawaza kama zamani, na baba bado ananiuma.

Mutoto wangu sasa ni mama wa watoto. Lakini hata leo, akija kunisalimia, ananitazama usoni kwanza kabla ya kuniita papa. Na mimi ninachelewa kuitika.

Basi wewe, ukitaka kujiuliza swali lile, sikukatazi. Mwisho wake kuna kitu kizuri, sikudanganyi. Ila waambie kwanza watu wa nyumbani mwako unakoenda. Kuna mutoto atakayekuja mbio kukupokea.