Supu ya Boga Niliyoimaliza Peke Yangu

Habari hii naiandika polepole, maana hata leo nikiikumbuka masikio yanakuwa moto, na kama kuna mtu wa kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka anayeisoma na alikuwepo siku ile, naomba asicheke kwa sauti (najua atacheka). Mimi ni mtu wa haya. Kanisani nakaa benchi la nyuma, nikisalimiwa najibu nikiangalia chini. Lakini siku ile kanisa zima lilinitazama mimi, na chanzo chake ni wivu tu, sina kingine cha kusingizia.

Wivu huo ulikuwa na jina: Nadine. Alifika kambini kutoka Bukavu wakati vita ya pili ya kwetu Wakongomani imepamba moto, akapewa nyumba iliyo jirani na yetu. Alikuwa amemaliza sekondari. Mimi niliishia darasa la tano kule Fizi, tukakimbia. Alijua Kifaransa, alijua kushona, na kitu kilichonichoma zaidi, alijua kupika supu ya boga. Alikuwa analiponda boga mpaka linalainika kabisa, anatia pomme, yaani yale matufaha ya bei kali ya mjini Lilongwe, anatia tangawizi, mdalasini na maziwa, inakuwa nzito kama uji. Alituletea bakuli moja. Mama alilamba kijiko, akakigeuza akalamba na upande wa nyuma, akasema, "Mapendo, unaona vile bantu banapika?"

Bantu, yaani watu! Kwani mimi nilikuwa nini? Miaka yote nimempikia sombe, yaani kisamvu, na ugali, hajawahi kugeuza kijiko.

Basi ukafika mwezi wa tano, mvua zimekwisha, upepo wa baridi unapita kati ya nyumba, maboga yamejaa kila mahali, na wamama wa kanisa wakaitisha maombi ya kufunga siku tatu kwa ajili ya ndugu waliobaki vitani. Siku ya tatu, saa tisa mchana, tungefungua kwa supu ya moto, na wapishi wangekuwa wawili, Nadine na mimi, kila mtu na sufuria yake. Halafu tukasikia kwamba Mama Aline, Mkongomani mwenzetu mwenye mgahawa mdogo pale Chinsapo, Lilongwe, atakuja siku hiyo ya mwisho, na anatafuta msichana wa jikoni. Mmoja. Kazi ile niliitaka kuliko kitu chochote. Nilishajiona nimevaa aproni, nawaletea nyumbani sabuni na sukari, na mama anawaambia majirani, "Binti yangu wa Lilongwe."

Asubuhi Nadine alikuja na maboga mawili ya sokoni.

"Mudogo yangu, kamata moja. Na pomme nitakugawia."

"Hapana, yaya," nikajibu, maana kwetu dada mkubwa ni yaya. "Mi niko na yangu."

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Boga langu lilikuwa limejiotea pembeni ya jalala letu, kubwa, la manjano, zuri kupita yake yote mawili. Sasa, mtoto yeyote wa wakulima wa Fizi anajua: boga lililojiotea unalikata, unaligusisha ulimini, likiwa chungu unatupa, maana hata ulipike mpaka kesho uchungu hautoki. Nilijua. Lakini nilikuwa nimefunga, na kuonja ni kula.

"Si uite mutoto akuonjee?" Nadine akaniambia tukiwa jikoni. "Batoto habafunge. Mi niliita ule wa jirani."

Nikaona huyu wa mjini sasa anataka kunifundisha boga. Nikajibu, "Mi najua kwa harufu." (Uongo. Hata maziwa yakiharibika mama ndiye huwa ananiambia.)

Nikatia papai lililoiva, mapera, maziwa, tangawizi mara mbili ya yake, na karanga za kutwanga ili iwe nzito kuishinda ya kwake. Ilinukia vizuri mpaka watu wenye njaa ya siku tatu wakaanza kupitapita karibu na jiko, wanajifanya wanatafuta watoto wao.

Amina ya mwisho ilipoitikwa, mimi mwenye haya nikampita Nadine na bakuli mkononi, nikapiga goti mbele ya Mama Aline. Akanywa kijiko kimoja. Akafumba macho. Nikasema moyoni, Mapendo, Chinsapo hiyo. Halafu akameza kwa shida, akaweka kijiko chini taratibu.

Papa Heri, kiongozi wa kwaya, hakuwa na subira hiyo. Kwa njaa alikuwa amemeza vijiko viwili kabla ulimi haujamwambia kitu, cha tatu akakitema kwenye viatu vyake.

"Yesu wangu! Ni dawa ya kinini hii! Nani iko na malaria hapa?"

Kanisa likacheka. Mama akaonja, akanitazama.

"Mapendo, ulionja boga?"

Ningesema hapana, ingeishia pale. Lakini Nadine alikuwa amesimama na sufuria yake, hacheki, ananionea huruma, na huruma yake iliniuma kuliko vicheko vyote. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Njo supu ya kwetu Fizi. Inakuwaka hivi," yaani ndiyo hiyo, huwa hivyo.

"Fizi gani?" mzee mmoja akaruka. "Mi nilizaliwa Fizi, nikaoa Fizi! Usituharibie jina!"

"Iko tamu. Mi naimaliza."

Na nikaimaliza, jamani. Bakuli zima, nimesimama, vijana wa kwaya wakihesabu vijiko kwa sauti, na kila kijiko kama nimetafuna mwarobaini. Nikapangusa mdomo, nikatabasamu. Tabasamu halikukaa sana. Nikatoka mbio katikati ya mabenchi, kitenge kikanasa kwenye msumari nikakiacha hapohapo (nilivaa sketi ndani, namshukuru Mungu), nikafika chooni, mlango umefungwa.

"Iko mutu!" Papa Heri akaitika kutoka ndani.

"Papa, nakuomba..."

"Ngoja, binti! Si njo supu ya kwenu?"

Yaliyofuata siyaandiki. Nadine alinifuata na kitenge changu, akanipa maji ya chumvi na sukari, akanishika kichwa nikitapika, na hata pale, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu kwa jinsi alivyojua kushika kichwa cha mtu.

Jioni Mama Aline alikuja kwetu. Nilikuwa nimelala mkekani, nikaomba msamaha.

"Supu nimekusamehe, binti yangu. Hata mi niliunguzaka ugali mbele ya bakwe. Lakini we ulijua iko mubaya, ukasema iko tamu. Siku nyama itaoza kwangu Chinsapo, utaniambia, ao utapatia bantu bakule?"

Kesho yake akaondoka na Nadine.

Miezi miwili baadaye Nadine alikuja kutusalimia, viatu vipya, amenawiri, na mama akampokea kwa kelele, "Binti yangu wa Lilongwe!" Wivu ukanipanda. Safari hii nikaamua kuusema.

"Yaya, nakuonea wivu mpaka silali."

Akanitazama, akasogea akakaa karibu nami. "Sasa umesema ya kweli. Mama Aline atatafuta mwingine. Nitamwambia juu yako."

"Na supu je?"

"Ile? Chinsapo yote banaijua."

Basi nimeapa: sitapika tena kwa kushindana na mtu, na nikipika nimefunga nitaita mtoto aonje, akikunja uso namwaga, hata kama wageni wameshakaa. Kuhusu kuacha wivu siapi, maana nimeshasema uongo mmoja mbele ya kanisa, na ule ulinitosha.