Nyumba Mbili za Mama Mdogo Echati

Mama alinituma Bukini, yaani Madagaska, baada ya kusikia kwamba mdogo wake, Echati, analala kwenye baraza za watu huko Mahajanga. "Kamwone kwa macho yako," aliniambia. "Mwanamke wa Kingazija hurithi nyumba ya mamaye. Atalalaje nje?"

Kutoka Unguja nilipitia Moroni hadi kisiwa cha Nosy Be, nikafikia kijiji cha Andilana kwa kaka yao, Mjomba Abudu. Alinichinjia kuku, akanitandikia godoro jipya. Ng'ambo ya ua wake ilisimama hoteli ya Wazungu. Nilipomuuliza habari za Echati, alisonya.

"Kaupenda mji yule. Wengine hawatulii ukiwapa hata jumba."

Asubuhi nilivuka bahari hadi Antsahampano, upande wa bara, nikapanda gari la abiria. Njia yote matope. Kila tulipokwama, tulishuka tukasukuma.

Mahajanga nilimkuta mama mdogo sokoni akiuza mikate ya mchele. Kingazija changu ni cha kuvunjika, lakini tulielewana. Akanipeleka mtaa wa Mangarivotra, mbele ya nyumba ya mabati.

"Nilijenga hii na mume wangu. Watu walipoinuka kuwachinja Wangazija mjini humu, yeye walimuua mlangoni hapa. Nikakimbilia Andilana, kwa mama."

"Kwa Mjomba Abudu?"

"Kwa mama! Nyumba aliniachia mimi alipokufa. Nikakuta hoteli mahali pake. Abudu kaiuza nyumba, imevunjwa. Akanilaza jikoni kwake mpaka mkewe akachoka. Niliporudi huku, humu wanapika watu wengine."

Mwanamke mmoja alichungulia, akatuona, akafunga mlango.

Nilimsihi twende Unguja. Akakataa. "Kwa dada ni kwa mume wa dada. Nimechoka kukaribishwa, mwanangu."

Usiku ule nililala naye barazani mwa duka, juu ya maboksi. Alfajiri mwenye duka alitumwagia maji ya kufagilia.

Niliporudi Andilana, Mjomba alikuwa ameandaa chakula. Sikukaa. Nilimuuliza kuhusu nyumba ya bibi.

"Alikuwa na mumewe," alisema. "Ningejuaje kama watamuua?"

Nilichukua mkoba wangu, nikalala gatini.

Unguja, mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akageukia ukuta. Mimi nilikwenda nikidhani anayelala nje ni asiye na kitu. Mama mdogo alikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ilichukuliwa na waliomchukia. Ya pili ilichukuliwa na ndugu yake wa tumbo moja, na hiyo ndiyo iliyomlaza nje.