Jina Lililopigwa Mstari

Juzi kwenye ofisi ya usajili hapa Mocímboa, karani aligeuza kioo cha kompyuta ili mama aliyekuwa watu kadhaa mbele yangu kwenye foleni ahakiki jina lake kwenye jedwali. Mama akarudi nyuma hatua moja, mkono kwenye mtandio.

"Mwanangu, wenzangu wote wameandikwa kwa rangi nyeusi. Mimi buluu, tena nimepigwa mstari chini. Nimekosa nini?"

Foleni nzima ikarudi nyuma naye. Tangu vita, huku kwetu orodha ya majina haisomwi kwa raha.

"Hujakosa kitu, mama. Bonyeza jina lako."

Akabonyeza kioo kwa kidole. Karani akacheka, akamsogezea mausi ya kubonyezea. Ikafunguka picha ya hati yake ya kuzaliwa, ile iliyoungua pamoja na nyumba.

"Nakala ilibaki Pemba, makao makuu ya mkoa wetu," karani akasema. "Nimeiunganisha na jina lako. Wasio na mstari, hati zao bado sijazipata."

Mama akavuta kiti, akakaa. "Basi mtafute na mume wangu, naye umpige mstari."

Waliofuata walisahau hata kusalimia. Na mimi, mtu mzima ninayewafundisha wengine adabu kwenye safu hii ya gazeti, nilipofika nilianza na, "Mimi buluu?"