Kiti cha baba nilichokibadilisha na meza ya kioo

Wakuu, habari za mchana.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Mdogo wangu ninayemtaja yupo hai na huwa anapita humu, kwa hiyo nikiongeza chumvi ataniumbua.

Nimeona uzi wa jamaa anayeuliza namna ya kupamba sebule kwa kuchanganya vitu vya mtumba na vya kisasa. Wengi mmemshauri rangi na mapazia. Mimi nina jambo jingine, limenikaa kifuani miaka mingi.

Kwetu ni Bariadi, enzi hizo tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga. Baba alitangulia, mama akafuata muda si mrefu. Mimi ndiye wa kwanza, nilikuwa darasa la sita, nikaacha shule. Nyuma yangu kulikuwa na Masunga na Kabula. Kabula alikuwa na miaka minne baba alipofariki.

Ndugu walitaka kutugawa, huyu Bukundi, yule Maswa. Nikakataa. Nililima pamba, nikachoma maandazi, tukabaki nyumba moja.

Tangu hapo kila kitu niliamua mimi. Nani avae nini, nani aende shule gani, ng'ombe yupi auzwe. Sikumuuliza mtu na hakuna aliyenipinga.

Mwishoni mwa kipindi cha ruksa, biashara zilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuingia. Mji ukachangamka. Nikafungua mgahawa mdogo karibu na maghala, madereva wa malori na wapakiaji wakawa wanakula kwangu. Kwa mara ya kwanza nikapata cha kuweka akiba.

Wakati huo Kabula alikuwa chuo cha ualimu. Akaandika barua kwamba kuna kijana, na wazee wake wanataka kuja kuposa.

Wakuu, nilishikwa na wazimu wa nyumba.

Sikutaka mtu aseme yule binti katoka kwa mayatima. Kuna mtumishi wa serikali alikuwa anahamishwa, nikanunua makochi yake. Yalikuwa yamechoka, nikayavisha vitambaa vipya. Mapazia niliyapata mnadani kwenye marobota ya mitumba, mazito, yana maua ya bluu, ninaamini Ulaya yalikuwa mashuka. Vya dukani vilikuwa saa ya ukutani, maua ya plastiki, na kapeti la plastiki lenye mfano wa vigae. Kapeti lile nililipenda kuliko vyote. Nilikuwa nalipiga deki mara mbili kwa siku.

Sasa, pembeni ya mlango kulikuwa na kiti cha baba.

Kiti chenyewe kilikuwa cha miguu mitatu, cha gogo moja, kimepasuka ubavuni na baba akakibana kwa waya. Kwetu hakuna aliyekikalia baada yake. Akija mgeni mwenye neno zito, mama alikuwa anakitoa na kukiweka wazi mbele ya watu, kama vile mwenye nyumba yupo. Mimi niliyaona hayo ni mambo ya mama, nikadhani yameondoka naye.

Siku nimekisogeza kufagia, nikakuta miguu yake imetoboa kapeti langu jipya. Matundu matatu. Nilikasirika kama kimenitukana.

Wiki hiyohiyo akapita mfanyabiashara na pikapu kutoka Mwanza. Alikuwa anakusanya viti vya zamani na vibuyu kwa ajili ya maduka ya watalii, anakupa kitu kipya. Alikigeuza kiti cha baba, akapapasa ule waya, akaguna.

"Dada, hiki kimezeeka vizuri. Chagua chochote hapo juu."

Nikachagua meza ya kioo. Nilijiona mjanja wa mji mzima. Yale matundu nikayafunika kwa kochi.

Kabula alirudi siku mbili kabla ya wageni. Aliingia akapiga kigelegele.

"Dada! Hii ni nyumba yetu au nimekosea mlango?"

Akakaa kila kochi, akacheka, akagusa mapazia. Kisha akatazama pembeni ya mlango.

"Kiti cha baba umekiweka wapi?"

"Si hicho hapo," nikamwonyesha meza. "Nimebadilisha."

Aliweka mkoba chini polepole. Akasema, "Mimi sura ya baba siikumbuki, dada. Nakumbuka magoti yake tu. Alikuwa anakaa pale, mimi nasimama katikati ya magoti, nimeshika ule waya. Nilitaka siku ya posa kiwepo."

Miaka yote nimemlea, sikuwahi kulijua hilo. Sikuwahi kumuuliza.

Siku ya posa wageni waliingia. Mshenga wao, mzee mcheshi, akasema, "Loo! Kumbe tumefika Mwanza bila kupanda basi!" Watu wakacheka. Baba mdogo, aliyetoka Bukundi kusimama kwa niaba ya baba, hakucheka. Alisimama mlangoni, akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama kwa heshima.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Karibu kwenye kochi."

"Nitakaa. Kaka yangu yeye leo anakaa wapi?"

Akawageukia wageni kwa upole, akawaomba mazungumzo yafanyike uani. Masunga akabeba mabenchi ya mgahawa wangu. Posa ikasemwa nje, ng'ombe wakakubaliwa nje, chakula kikaliwa nje. Sebule niliyoipamba kwa ajili ya siku hiyo ikabaki tupu, nasikia saa tu ikigonga. Kabula aliolewa vizuri, lakini siku ile alilia jikoni, na si kwa furaha.

Nilikwenda Mwanza kukitafuta. Madukani nilionyeshwa viti vingi vya miguu mitatu. Nilipiga magoti nikapapasa kimoja kimoja. Hakuna chenye waya.

Meza ya kioo ilipasuka siku nyingi. Kapeti nalo lilichakaa, na siku ya kuling'oa nikasogeza kochi, nikayakuta yale matundu matatu. Nikachukua kisu, nikakata kile kipande, nikampa Kabula.

Aliingiza vidole kwenye matundu, kimoja kimoja. Kisha akakikunja, akakitia kwenye mkoba, akaniomba chai.

Kwa hiyo ndugu unayepamba, changanya tu mtumba na vipya, inapendeza. Ila kabla ya kutoa kitu ndani, waulize unaoishi nao, hata yule mdogo kabisa, hata kama wewe ndiye uliyewalisha. Mimi niliwapa wadogo zangu kila kitu isipokuwa nafasi ya kuulizwa.

Nimemaliza. Kama na wewe kuna kitu kilitoka nyumbani kwenu na hakikurudi, andika hapa chini, nitasoma zote. Na Kabula, ukipita, usiogope kusema.