Mechi ya Nyota Chini ya Kanga

Sisi tuliolelewa Lanham, kule Marekani karibu na Washington, wakati ule tulikuwa na televisheni moja ndani ya nyumba, na yenyewe ilikuwa ya baba. Ilikuwa nzito kama kabati la vyombo, ina mgongo mrefu nyuma, na picha yake ilijaa chenga kama theluji ya nje. Watoto wa siku hizi kila mmoja ana kioo chake mfukoni, na bado wananuna kwamba hakuna cha kutazama. Sisi tuliomba. Tuliosha vyombo, tukakunja nguo, tukasubiri taarifa ya habari iishe, ndipo baba aseme, "Haya, kidogo tu."

Mimi nilikuwa mtoto wa kike mwenye aibu, wa kujificha nyuma ya mlango wageni wakija, na nilikuwa na ugonjwa mmoja: hoki ya barafuni. Sijui niliutoa wapi. Kwetu hakuna aliyewahi hata kugusa viatu vya kutelezea. Mama alisema ni baridi imeniingia kichwani. Nilimpenda golikipa wa timu ya Washington, jitu lililofungwa mito miguuni. Kila mara kabla ya kuanza kudaka aligonga milingoti ya goli kwa gongo lake, kushoto halafu kulia, kama mtu anayepiga hodi.

Msimu ule alichaguliwa kwa mara ya kwanza kucheza mechi ya nyota, ile ambayo wachezaji bora wa timu zote wanagawanywa pande mbili. Enzi hizo ilikuwa mechi kamili ya vipindi vitatu, siyo hivi vimichezo vifupi vifupi vya sasa vinavyoisha kabla chai haijapoa. Lakini kila upande ulikuwa na makipa watatu, na kila mmoja alidaka kipindi kimoja tu. Wangu angedaka cha tatu. Ukikosa hicho umemkosa, maana deki yetu ya video ilikuwa inatafuna kanda, na hapakuwa na mahali pengine pa kuitazama tena.

Baba aliniahidi. "Jumapili hiyo sebule ni yako, Sekela." Nilizihesabu Jumapili zote za baridi ile nikiisubiri moja.

Jumamosi yake simu ikalia kutoka Tukuyu. Baba mdogo wake baba, aliyemlea, amefariki. Baba hakuweza kusafiri kwenda kuzika, kwa hiyo msiba ukaja kwetu, kama ilivyokuwa desturi. Aliyefiwa alikuwa hakai peke yake, hata kama maiti iko ng'ambo ya bahari. Sofa zilisukumwa chumbani, mikeka ikatandikwa. Televisheni, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuibeba, ikafunikwa kanga ya mama. Msibani televisheni haiwashwi. Nililijua hilo. Nililia pamoja na wakubwa, na wakanisifu kwamba nina huruma. Kumbe mimi nililia kwa ajili ya ile kanga.

Jumapili watu wakajaa. Makoti yao yalitengeneza mlima juu ya kitanda changu, na viatu walivyovua mlangoni vikaacha kwenye zulia chumvi ya barabarani, ile ya kuyeyushia barafu, mpaka likawa jeupe. Mimi nikawa miguu ya nyumba.

"Sekela, chai."

"Sekela, hii haina sukari."

"Huyu ndiye yule mdogo? Amekua! Mbona hasalimii?"

Nilikuwa nimesalimia. Nilikuwa nimesalimia kila mtu, kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia.

Mechi ilikuwa imeshaanza pale chini ya kanga, najua, nami nabeba maandazi. Ndipo Mzee Haule akachungulia dirishani. Alikuwa mkubwa wa Watanzania wa upande wetu, aliyeongoza kila harusi na kila msiba. Akamwambia baba, "Funua hiyo kidogo tuone hali ya hewa. Tumaini bado yuko njiani anatoka Springfield, tujue kama barabara zinapitika." Anti Tumaini alikuwa dada yake baba.

Baba akainua kanga, akawasha. Chaneli ilikuwa ileile niliyoiacha mimi.

"Bila sauti, jamani," mama akasema kutoka upande wa wanawake. "Tuko msibani."

Hali ya hewa haikutafutwa tena. Wanaume walisogea mmoja mmoja.

"Hawa wanafukuzana nini ndani ya friji?" Mzee Haule akauliza.

Mama Njeri, Mkenya aliyekuwa nesi Rockville, alikuwa amekuja na sare yake ya kazi. "Mimi naona tu watu na mafagio. Hiyo mpira iko wapi?"

"Muulizeni Sekela," baba akasema. "Ndiye fundi wake."

Macho yote yakanigeukia. Nilikuwa na birika mkononi. Nikanong'ona kwamba si mpira, ni kisahani cheusi, na sasa kiko kwa yule wa kushoto.

"Sema kwa nguvu, mwanangu," baba akasema. "Nyumba imekuwa kimya mno."

Basi nikatangaza. Mimi, niliyekuwa nikisemeshwa na wazazi kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, nilitangaza hoki ya barafuni kwa Kiswahili katikati ya msiba. Anacho, anacho, ametoa pasi, kimegonga ukuta, hapana, mzee, kiko kule nyuma ya goli! Na kila nilipokolea, "Sekela, vikombe." Nikikimbia na kurudi, nawakuta wamebaki kama vipofu: "Ulikuwa wapi? Kiko wapi sasa?"

Mzee Haule naye alikereka. "Mbona hawagongani? Nilisikia huu ni mchezo wa ugomvi. Hawa wanapishana kama wakwe."

"Leo hawagombani. Hii ni ya nyota, wanachanganya timu, ni ya kufurahisha tu."

"Kumbe bonanza!" baba akasema, na chumba kizima kikaelewa.

Kipindi cha tatu kikaja. Golikipa wangu akaingia, akapiga hodi, kushoto, kulia. Na hapohapo mama akaita kutoka jikoni: "Sekela! Njoo ugawe pilau!"

Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka, kubwa, mbele ya watu wote. "Mama, subiri! Huyu ni wa kwetu!"

"Wa kwetu wapi?" Mzee Haule akauliza. "Mtanzania?"

"Wa hapa. Anadakia Washington."

Akafikiri. "Basi ni wa kwetu. Mama Sekela, pilau isubiri."

Wa kwetu akafungwa. Akafungwa tena, kisahani kikimpita katikati ya miguu kama kuku anayekimbilia bandani.

"Huyu ndiye?" Mzee Haule akanigeukia. "Basi huyu ni wa kwenu."

Nilitamani zulia linimeze. Halafu akaja mshambuliaji peke yake, hana wa kumzuia, na golikipa wangu akajirusha chali, akakinyaka kisahani kwa glavu. Nyumba ililipuka. Mama Njeri alipiga kigelegele, akajiziba mdomo. Baba alicheka. Tangu simu ile ya Tukuyu, nilikuwa sijamwona akicheka.

Na hapo ndipo, kwenye ngazi za nje, sauti ya Anti Tumaini ikapanda: "Jamani baba yetu! Jamani!"

Kanga ikashuka. Nyuso zikabadilika mara moja. Nilibaki nimesimama na sinia, nimejaa hasira kwa Anti Tumaini, kwa Springfield, na kwa barabara zilizopitika. Kisha nikamwona baba amemkumbatia dada yake pale mlangoni, na theluji ya koti lake ikimyeyukia shingoni, analia kwa sauti. Nikaenda kugawa pilau.

Matokeo niliyapata kesho yake shuleni. Tulifungwa. Nilipomwambia Mzee Haule, alitikisa kichwa. "Nilikwambia, wa kwenu huyo."

Mwaka huu Mzee Haule mwenyewe ametutoka. Msiba wake tuliufanyia kwenye simu: visanduku vyeusi vyenye majina, sauti zimezimwa, mchungaji anasali na mbwa wa mtu anabweka. Hakuna aliyevua viatu. Hakuna aliyeniagiza chai. Ulipoisha, watu walitoweka kabla sijamaliza kusema poleni.

Jioni hiyo niliitafuta ile mechi, nikaipata nzima, picha safi, na sauti yake. Binamu yangu mdogo alikuwa pembeni yangu na simu yake. Nikamwambia aje atazame. Aligusa kioo chake mara moja, akaniambia kwa Kiingereza nani alishinda, akarudisha vidude vyake masikioni.

Nilimwona golikipa wangu akipiga hodi. Nikafika pale kanga iliposhuka, nikaendelea mbele, nikaona yote niliyonyimwa. Hayakuwa mengi. Nikairudisha nyuma mpaka alipoingia, nikazima sauti, nikasubiri mtu aniulize kisahani kiko wapi.