Nilipojifunga Kifua

Mtoto wangu wa kwanza alipotimiza miezi miwili, nilirudi kushona suruali katika kiwanda kimoja cha nguo Athi River. Miaka ya tisini ilikuwa inaishia, na langoni watu walipanga foleni kila asubuhi wakitamani nafasi yangu. Mtoto nilimwachia jirani, pamoja na chupa ya maziwa ya ng'ombe.

Siku ya tatu maziwa yangu yalidondokea kitambaa cheupe nilichokuwa nikishona. Msimamizi wetu, mwanamke mwenye sauti ya kengele, akakiinua ili wote wakione.

"Mama, hii ni kiwanda, si boma ya ng'ombe!"

Wenzangu wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake niliokota vipande vya nguo vilivyotupwa na wakataji, nikajifunga kifua kwa nguvu mpaka nikawa bapa mbele na nyuma. Sikudondosha tena hata tone. Nilijiona mjanja kweli.

Nyumbani kwetu tulifundishwa kuoga haraka na kuvaa haraka zaidi. Nilipokuwa msichana kifua kilikuwa kitu cha kuficha, basi nikaendelea kukificha hata kilipopata kazi.

Baada ya wiki mbili mtoto akaanza kugombana na titi. Ananyonya kidogo, analiachia, analia. Maziwa yalikuwa yanakauka, nami niliogopa kumwambia hata mume wangu. Niliamini mwili wangu umeshindwa kuwa wa mama.

Jumapili moja mama mkwe akaja kutoka Ndithini na kibuyu cha uji wa wimbi. Paji lake la uso lilikuwa na mfuo uliochimbwa na kamba ya kubebea maji tangu utotoni, na sikuwahi kumwona akiuficha. Alinitazama nikinyonyesha, akaona alama nyekundu zilizonizunguka kifuani.

"*Mwiitu wakwa*, binti yangu, hii ni nini imekukata?"

Nikamweleza yote huku nikilia. Alicheka mpaka akashika mbavu, jambo lililoniudhi sana. Kisha akafuta macho.

"Huo mwili haujashindwa. Unakusikiza tu. Umeuambia huna mtoto, nao umeamini."

Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimezaa na bado naficha! Vile vipande mama mkwe akavitia motoni chini ya sufuria ya chai. Mchana kutwa mtoto alilala kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akinyonya kila alipotaka. Mama mkwe alinionyesha jinsi ya kukanda kutoka kwapani kuja mbele. Nikajitazama mchana peupe, bila haraka. Titi la kushoto ni kubwa kuliko la kulia. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikuwa nikilijua hilo. Nilifurahi kama aliyeokota kitu barabarani.

Kazini nikaanza kujikamua chooni wakati wa chakula cha mchana. Jioni ya Alhamisi, mtoto aliponyonya, nilisikia koo lake likimeza, likimeza tena, bila kusita. Nililia kwa furaha.

Wiki iliyofuata msimamizi alisimama kando ya mashine yangu. Blauzi yangu ilikuwa na duara mbili za maziwa.

"Mama, umelowa tena."

Nilisogeza kitambaa kando kisichafuke, nikainua uso.

"Ndiyo, madam. Niko na mtoto."