Taa Chini ya Kitambaa

Intaneti ya kwanza niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa dukani kwangu, Handeni mjini, na ilipita kwenye waya uleule wa simu ya mezani. Nasema hivi kwa ajili ya vijana wanaodhani ilizaliwa ndani ya simu zao. Enzi zile simu ya mkononi walikuwa nayo wachache, na mtandao wenyewe wa kubahatisha. Mimi nilikuwa na ya mezani, na mtaa mzima waliiita simu yetu. Mtu akitaka kujua kama mwanawe wa Dar ni mzima, anakuja kwangu. Wa Dar naye akipiga, namtuma mtu akamwite mwenyewe, anakuja anakaa kwenye gunia la mahindi kungoja ipigwe tena.

Shule niliishia darasa la tatu, Kwedizinga. Baba alinitoa nikafukuze ngedere shambani na sikurudi tena. Duka nililijenga mwenyewe, kwa kununua mahindi vijijini na kuyapeleka Korogwe, kwanza kwa baiskeli, halafu kwa gari la kukodi, halafu kwa gari langu. Sikubebwa na mtu. Kwa hiyo mnunuzi wangu wa Korogwe aliponiambia kwamba bei sasa anazituma kwa kompyuta, na kwamba wenzangu wa Makuyuni wameshaanza kuzipokea, roho iliniuma mpaka siku mashine iliposhushwa mlangoni kwangu.

Fundi wa kuifunga alitoka Tanga, kijana mwembamba mwenye haraka. Watu walijaa mlangoni kutazama.

"Mzee, kwanza neno lako la siri," akasema. "Usimwambie mtu, hata mama watoto."

"Mama watoto ndiye anayelala na funguo za duka. Nimfiche neno?"

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. "Basi liwe gumu, lisiwe jina lako. Pili, hili ndilo kubwa. Ukimaliza kusoma usizime kioo tu. Bonyeza hapa, halafu hapa, ukate. Usipokata, laini imeshikwa. Anayekupigia ataambiwa inatumika, hata kama wewe umelala."

"Sawa."

"Nikuonyeshe tena?"

"Kijana, mimi nimeanza biashara wewe hujazaliwa. Nimeelewa."

Sikuwa nimeelewa. Niliona kidole chake kikienda mahali, lakini mahali penyewe sikupaona, na maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Kumwambia arudie mbele ya wale watu, watu ambao huja kwangu kukopa sukari, sikuweza. Akafunga begi lake, akaondoka.

Mke wangu alikuwa amefuma kitambaa cheupe cha kufunikia mashine, kama kile cha redio, maana kitu cha thamani hakiachwi wazi kipigwe na vumbi la Handeni. Basi nikimaliza kusoma bei nazima kioo, natandika kitambaa juu ya vyote, hata kile kisanduku kidogo chenye taa kinachounga mashine na waya wa simu, najiona nimekata. Siku za mwanzo laini ilikuwa ikikatika yenyewe kila mara, simu zikawa zinaingia. Nikaamini ninajua.

Halafu akafariki jirani yangu wa nyuma ya duka, mkulima, mtu tuliyekuwa tukisali safu moja. Alifariki usiku. Mwanawe wa kiume alikuwa mmoja tu, mlinzi wa ghala huko Dar. Nilipiga simu ghalani kwao, akapokea mwenzake, akasema atamfikishia habari. Baada ya sala ya alfajiri, mjomba wa marehemu alinifuata msikitini nikiwa navaa viatu.

"Kijana akipiga kusema yuko njiani, tutamngoja mpaka alasiri, ashuke kaburini ampokee baba yake," akasema. "Asipopiga, tunazika baada ya adhuhuri. Mambo yote yako kwako, kwenye simu."

"Yako kwangu," nikamjibu.

Nikaenda dukani moja kwa moja. Na kwa kuwa ilikuwa siku ya bei, nikawasha mashine, nikasoma bei, nikazima kioo, nikafunika. Kisha nikavuta kiti karibu na simu, nikakaa kama mlinzi.

Simu haikulia. Jua lilipopanda niliinua mkono wa simu kusikiliza, nikasikia mlio kama wa mafuta yanayokaangia samaki. Nikaurudisha haraka. Hapo ndipo yaliponijia maneno ya fundi, kwamba laini inashikwa. Yalinijia, sitasema hayakunijia. Lakini dukani alikuwamo mwalimu mmoja anachagua betri, na wanawake wawili wanapimiwa unga. Ningeanza kufunua na kubonyeza ovyo mbele yao, wangejua kwamba mwenye mashine haijui mashine yake. Kung'oa waya niliogopa kuiharibu. Nikajiambia huenda ni laini mbovu tu, kama inavyokuwaga. Nikapima unga.

Mjomba wa marehemu akaja, jasho linamtoka, anatoka kuchimba. "Haijalia?"

"Haijalia."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Nilisema kweli. Simu haikuwa imelia. Sijawahi kusema kweli mbaya kama ile.

Tukazika baada ya adhuhuri. Aliyeshuka kaburini mahali pa mwana alikuwa mjomba, na mimi nilikuwa juu, nashika ncha ya shuka lililositiri kaburi.

Nilirudi dukani. Kabla ya alasiri kijana akaingia, ametoka kushuka kwenye basi, begi begani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mzee. Wamenisubiri?"

"Marahaba. Tumezika."

Akaweka begi chini taratibu. "Nimepiga kabla ya kupanda basi. Nimepiga tena Chalinze, basi likanisubiri watu wakinitukana. Mara zote naambiwa inatumika. Nani alikuwa anaongea na simu yako tangu asubuhi?"

Niliinuka nikafunua kitambaa. Taa za kile kisanduku zilikuwa zinawaka, zinapepesa, zimechangamka kabisa.

"Ni mimi," nikasema. "Na hakuna niliyekuwa naongea naye."

Akazitazama zile taa. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana, maana kutukanwa nakujua tangu ujana wangu na najua pa kukuweka. Alisema tu, "Nipeleke."

Makaburini udongo ulikuwa bado na maji tuliyonyunyiza. Akatawadha kwa maji ya kopo, akasimama kumsalia baba yake pale pale mbele ya kaburi. Nikasimama nyuma yake, ingawa nilikwisha kusali na wenzangu, maana sikuona aibu kubwa kuliko kumwacha asimame peke yake.

Tulipofika nyumbani kwao, mama yake alikuwa chumbani, ameanza eda, wanawake wamemzunguka mkekani. Mimi nilibaki nje ya pazia la mlango. Nikamsikia akimwuliza kijana, "Mbona hukupiga, baba?"

Jibu kijana aliniachia mimi.

"Shemeji," nikasema, "alipiga. Alipiga mara mbili. Simu yangu ilikuwa imeshikwa na ile mashine na mimi sikujua kuiachisha. Nilihisi kuna kitu, nikanyamaza, kwa kuwa kulikuwa na watu dukani."

Wanawake wakaacha hata kuvuta tasbihi.

"Ungekuja tu ukasema hujui, shemeji," akasema nyuma ya pazia. "Wangengoja."

Kisha akamgeukia mwanawe akamwuliza kama amekula.

Mimi huwa najibu watu. Nimejibu maofisa, nimejibu matajiri wa Korogwe waliotaka kunipunja kwa sababu sijasoma. Lakini alichosema shemeji kilikuwa rahisi kiasi kile. Neno moja tu: "Sijui." Ningelisema kwa fundi, au kwa yule mwalimu wa betri, au kwa mjomba alipokuja na udongo mikononi.

Baada ya siku chache shemeji alimtuma binti wa ndugu yake aje apige simu Korogwe, kuwaita watu wa kisomo cha marehemu. Alimtuma kwangu, kama zamani, ingawa kulikuwa na simu nyingine posta. Nilimpigia namba, nikahakikisha upande wa pili umepokea, nikamkabidhi mkono wa simu. Halafu nikatoka nikasimama nje, mpaka alipomaliza.